Baraza la Usiku Chini ya Boneti

Bosi aliondoka gerejini saa kumi na mbili jioni, akaacha kikaratasi kimebanwa kwenye waipa: "Kilomita 900, lita 180. Kilomita 5 kwa lita! Injini mlafi. Itolewe, tuweke nyingine." Mlinzi wa gereji hiyo ya Unga Limited, Arusha, alipofunga geti na kwenda kuchemsha chai, Injini akakohoa kwa hasira.

"Mlafi, mimi? Mimi 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ukoo ulioanza mwaka 1990?"

Hasira yake ilikuwa na msingi. Land Cruiser hiyo haikuwa tena ile iliyoteremshwa bandarini. Chasisi ilikatwa ikarefushwa ili kila mtalii apate dirisha lake. Paa likawa la kuinuka. Mbele ikaja bampa ya chuma yenye winchi ambayo tangu ifungwe haijavuta hata mbuzi. Ubavuni snokeli, juu keria, chini matairi ya inchi 35. Mwaka jana akaongezwa Turbo. Katika mageuzi yote hayo Injini peke yake ndiye aliyebaki kama alivyozaliwa, na ndiye aliyeandikiwa barua ya kufukuzwa.

"Shikamoo, mzee," Turbo alianza, kwa adabu ya kijana anayejua ana kesi.

"Marahaba. Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, maana mafuta yenyewe ndiyo yaliyotuleta hapa."

"Mzee, kazi yangu ni kuleta hewa tu. Dizeli ileile ikipata hewa zaidi inaungua vizuri. Wangeniacha hivyo, pengine hata tungeokoa kidogo. Ila fundi alitaka gari liruke. Akageuza skrubu ya dizeli kwa Bibi Pampu mpaka moshi ukawa mweusi."

"Alinigeuza bila hata kuniuliza," Bibi Pampu alidakia. "Tukipanda ule mlima wa Mto wa Mbu, magari ya nyuma yanapandisha vioo. Ule moshi ni dizeli iliyolipiwa kituoni, ikapita kwangu, ikapita kwenu, ikatoka haikuungua."

Injini aliongeza kwamba kuna tatizo la joto pia. Ndugu yake 1HD-T, wa mwaka uleule wa 1990, alitoka kiwandani na turbo yake, na dizeli humwagiwa moja kwa moja juu ya pistoni. Yeye 1HZ moto wake huanzia kwenye vichumba vidogo ndani ya silinda hedi, na joto likizidi humo, chuma hupasuka. "Bosi anataka nile kama njiwa nikimbie kama duma," alisema, "halafu geji ya kupima joto la egzosi ameiona ghali."

Bibi Pampu hakuwa amemaliza. Wazee wakishapewa nafasi ya kusema, hukumbuka. Akasimulia enzi ambazo dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa rahisi, mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati, walipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili uchakachuaji usiwe na faida. "Mimi sina oili yangu," alisema. "Ninalainishwa na dizeli hiyohiyo ninayoisukuma. Ukinipa mafuta ya taa, unanisaga. Nilipokwanguka, mkasema injini imezeeka."

Ndipo Odometa akaitwa kizimbani.

"Wewe ndiye uliyesema 900?"

"Nilisema nilichohesabu," Odometa alijibu. "Nilifundishwa na kiwanda kuhesabu mizunguko ya tairi la 7.50R16, lenye kipenyo cha inchi 32 hivi. Hawa wa sasa wanaitwa 35, ukiwapima ni pungufu kidogo, lakini kila wakizunguka mara moja wanakwenda mbali zaidi ya ninavyojua, kama asilimia 9. Kwangu 900 ni kama 980 barabarani. Hakuna aliyekuja kunipa somo jipya."

"Na lita 180?"

Hapo palikuwa na kimya kibaya. Tenki la nyuma, ambalo huwa halisemi, likasema. Risiti za kituo zilikuwa za lita 180, ndiyo. Lakini madumu mawili ya lita 20 alipewa dereva mwenzao aliyekwama Ndutu, na hakuna aliyeandika. Bosi hupima ulaji kwa risiti. Kwake, dizeli ikishalipiwa imeshaliwa.

Odometa alipiga hesabu polepole, tarakimu moja moja, kama ilivyo kawaida yake: kilomita 980 kwa lita 140. Kilomita 7 kwa lita.

Injini alitaka kushangilia, Keria akamkatiza. "Hata 7 si haba kwa gari lililobeba nyumba, lakini ngoja niseme langu kabla sijasemwa. Ndani ya Serengeti mwendo ni kilomita 50 kwa saa, hapo upepo haunijali. Balaa ni lami ya Makuyuni. Dereva akitoka 80 akaenda 110, upepo unanisukuma kwa nguvu karibu mara mbili. Wamarekani walipima sanduku la mizigo juu ya paa la gari dogo, wakakuta kwenye barabara kuu za mwendo kasi linaweza kupunguza kilomita za kila lita hadi robo. Na mimi hata si sanduku lililochongwa vizuri. Mimi ni kitanda cha bomba, nina tairi la akiba, jeki ndefu na madumu matupu ambayo hakuna aliyekumbuka kuyashusha."

Tairi la mbele kushoto lilijitetea kabla ya kuulizwa. Lilipunguzwa upepo ili lipite mchanga wa Ndutu, halikujazwa tena, likarudi Arusha limelegea. Tena, likaongeza, kwa urefu wake gia zote zimekuwa ndefu. Difu ya 4.1 ingetakiwa isogee karibu na 4.5 ili mambo yarudi yalivyokuwa, vinginevyo gia ya tano inabaki mapambo na dereva anamaliza safari kwenye ya nne.

"Dereva mwenyewe je?" Akseleta aliuliza. "Saa nzima simba wamelala chini ya mgunga, mzee anaunguruma ili friji ya soda ipoe. Injini ya ukubwa huu ikiwa sailensa inakula karibu lita moja kwa saa. Simba hawajatembea hata hatua."

Sauti nyembamba ikatoka kwenye kopo la bolti juu ya rafu.

"Mimi naitwa Themostati. Nilitolewa mwaka juzi."

Wote walikuwa wamemsahau. Fundi alisema huku ni nchi ya joto, themostati ni ya Wazungu. Tangu siku hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na asubuhi za Ngorongoro, kule juu kwenye ukingo ambako watalii wanavaa makoti mawili, Injini anafanya kazi akiwa baridi. Chuma baridi huunguza dizeli vibaya, na silinda hulika upesi. Kichekesho ni kwamba hata kupoa hapoi vizuri: katika injini nyingi za namna hiyo, themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato, ikitolewa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. "Bei yangu," alisema, "ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha bosi."

"Mabibi na mabwana!" Sumaku aliruka kutoka kwenye bomba la dizeli alikofungwa kwa plastiki. "Mimi ninapanga molekuli za mafuta! Ninaokoa asilimia 30!"

"Umeokoa ngapi tangu ufike?" Odometa aliuliza.

"Matokeo huja taratibu."

EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imeshachunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo, sumaku zikiwemo, bila kupata kimoja chenye kuleta nafuu ya maana. Sumaku alisema hao hawana imani.

Asubuhi fundi alifika mapema, akasoma kikaratasi, akakuna kichwa. Alijaza matairi upepo. Alirudisha skrubu ya Bibi Pampu nyuma kidogo. Akapekua kopo la bolti, akampata Themostati, akamchemsha kwenye sufuria ya chai ya mlinzi aone kama anafunguka. Akafunguka. Alikuwa ameshamrudisha mahali pake na anafungua bolti ya kwanza ya Keria, bosi alipoingia na boksi kubwa kwenye pikapu.

"Hema la juu ya paa," alisema. "Kilo 70 tu. Lifungwe leo. Na ile sumaku, niwekee nyingine ya pili."