I7 ya Mjomba

Droni ikiruka kwenye sherehe, watu wazima huacha pilau ikapoa. Watoto huikimbiza, mabibi huuliza kama inaona hadi ndani ya nyumba, na kamati nzima ya harusi hupunga mikono juu huku michango haijatimia. Baadaye huja kijana pembeni, taratibu, anauliza: "Dada, hii inauzwaje?" Bei ya kompyuta hajaniuliza mtu hata siku moja. Nami nawaambieni, droni ndiyo sehemu rahisi ya biashara hii.

Yangu hata sikuinunua. Aliniletea dada yangu anayeishi Muscat: DJI Air 2S, toleo la mwaka 2021, gramu 595 za jeuri. Nikahangaikia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nikapata, na kazi zikaanza kuja za namna mbili: harusi na viwanja. Harusi zina chakula, lakini viwanja ndivyo vinavyolipa. Wauza viwanja wa Kibaha, Bagamoyo na Kigamboni wote wanataka kitu kimoja: pori lionekane kutoka juu, muziki wa taratibu, na mshale mwekundu wa kuonyesha barabara ya lami. Lami yenyewe kwa kawaida iko mbali kiasi cha kuhitaji mshale.

Tatizo huanza ukishachomoa kadi. Droni hii huandika hadi megabiti 150 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate megabaiti, zidisha kwa sitini, utaona dakika moja inakula zaidi ya gigabaiti moja. Ikiruka dakika 20 tu, umeshavuka GB 22, na hapo bibi harusi bado hajashuka kwenye gari. Laptopu yangu ya tangu chuo ilifungua faili la kwanza kwa heshima zote, ikamwonyesha bibi harusi mlangoni mwa kanisa, ikaganda. Nikaenda jikoni kubandika chai. Niliporudi alikuwa ameteremka ngazi moja.

Sababu ninaijua, na naomba mnivumilie kidogo. Video hizi hubanwa kwa mtindo uitwao H.265, uliopitishwa mwaka 2013. Faili halitunzi kila picha nzima nzima. Hutunza moja kamili, kisha zinazofuata huandikiwa mabadiliko tu. Ni daftari la mikopo la dukani kwa Mangi: "kama jana, ongeza sukari robo." Ukitaka kujua unadaiwa kiasi gani leo, lazima urudi ukurasa ulioanzia na kujumlisha hadi ufike. Kompyuta hufanya ujumlishaji huo kwa picha 30 kila sekunde, na kila picha ya 4K ina pikseli milioni 8.3. Prosesa yenye kijisehemu maalumu cha kufumbua H.265 huifanya kazi hiyo bila hata kuwasha feni. Isiyo nacho hukokotoa yote kwa nguvu za mwili, feni ikilia hadi jirani anauliza kama tunasaga nafaka.

Tena droni yangu, ukirekodi kwa rangi za D-Log, huandika biti 10 badala ya 8, na kwenye prosesa za Intel kijisehemu kinachozimudu biti hizo kilianza kizazi cha saba, mwaka 2016 kuelekea 2017. Kwa hiyo mahitaji yangu yalikuwa machache. Kizazi cha nane kama kipo, maana hicho ndicho pia Windows 11 inachokubali kuanzia. RAM ya GB 16, au nafasi ya kuongeza. SSD. Bei isizidi laki nane. Nikaenda Kariakoo na habari hizo zote kichwani. Kariakoo yote hapakuwa na mtu zilizomhusu.

Nilifuatana na mjomba. Mjomba ana sifa mbili: anajua kupatana bei, na alikuwa ametoa nusu ya fedha. Sifa ya pili ndiyo iliyotuponza.

Winga alitudaka tukiwa bado tunavuka Msimbazi. Kwa msiowajua, winga hana duka. Ana miguu, ana mdomo, na kila bei utakayotajiwa mkiwa naye ndani yake kuna cha juu chake. "Shikamoo mzee wangu, unatafuta nini?" Alimwuliza mjomba. Nikajibu mimi: kizazi cha nane, GB 16, SSD. Winga akanisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mjomba: "Kwa hiyo mzee, binti anataka ya kuangalia tamthilia?"

Ikawa hivyo kutwa nzima. Nauliza mimi, anajibiwa mjomba. Duka moja walitutolea laptopu ya michezo yenye taa chini ya vibonye, nyekundu, kijani, zambarau. Mjomba akaipenda mno kwa sababu ingefaa umeme ukikatika. Nikauliza ina kadi gani ya grafiksi. Muuzaji akamwambia mjomba: "Mzee, taa zinabadilika zenyewe."

Duka jingine mashine ilikuwa na stika ya i7 iliyong'aa kuliko mashine yenyewe. Nikafungua maelezo ya mfumo, nikakuta i3. Muuzaji hakupepesa jicho. "Stika ilikuja hivyo hivyo kutoka Ulaya," akasema. Nikaomba nichomeke kadi yangu tuone video ya droni itachezaje. Akakataa: virusi. Badala yake akatuchezea video yake, ya kasuku wa rangi akiruka kwenye maporomoko ya maji. Kila duka lina huyo kasuku. Anateleza vizuri kwenye kompyuta yoyote kwa sababu faili lake ni jepesi, na nina imani angeteleza hata kwenye kikokotoo.

Ndipo tukafika kwa muuzaji aliyetamka neno lililomsimamisha mjomba. "Mzee, hii ni i7."

Mjomba hakusogea tena. Nilijaribu. Nikamweleza kwamba hiyo ni i7-4600U, kizazi cha nne, ya mwaka 2013, ina viini viwili, na ile U mwishoni maana yake imeundwa kula umeme kidogo, haikuundwa kubeba mizigo. Nikamwonyesha pale pale kabatini i5-8250U ya mwaka 2017 yenye viini vinne, H.265 ya biti 10 ndani, na bei karibu ileile. Kusema kweli nilieleza vizuri. Muuzaji alinisikiliza kwa upole, kisha akamwambia mjomba: "Lakini mzee, saba ni saba."

Hesabu za darasa la kwanza zilikuwa upande wake. Zaidi ya hayo, mashine ilikuwa imetoka Ujerumani, na vibonye vyake vilikuwa na herufi zenye nukta mbili kichwani. Mjomba akazigusa. "Mjerumani hafanyi kazi ovyo," akasema, kisha akaanza kazi yake: bei ikaporomoka kutoka laki nane hadi laki tano na nusu, winga akishika kichwa. Unamkatalia vipi mjomba aliyetoa nusu ya fedha, mbele ya watu? Tukaondoka na i7. Muuzaji akaahidi na Windows 11 ya bure, kwenye kizazi cha nne, na hilo liliniambia yote kuhusu waranti.

Bibi harusi naye, nilipomfungua kwenye i7, alibaki mlangoni mwa kanisa.

Ushauri ukamiminika. Fundi mmoja akaniambia nijenge kompyuta ya mezani, kwa fedha hizohizo ningepata nguvu zaidi. Ni kweli kabisa, ila kompyuta ya mezani na mtaa wetu hawajawahi kuelewana kuhusu umeme. Rafiki akaisifu MacBook Air yenye M1, ya mwaka 2020: haina feni, inakunywa H.265 kimyakimya. Ni mashine nzuri, nasema kwa wivu. Lakini RAM ukinunua nayo GB 8 utazikwa nayo GB 8, na bei yake ingehitaji wajomba wawili.

Nikaangukia dawa ya wanyonge, nakala nyepesi. Unaiamuru programu, hata Shotcut ya bure inaweza, itengeneze nakala ndogo ya kila video. Unakata na kuunga ukitumia hizo ndogo, na mwisho programu inarudi kwenye mafaili makubwa yenyewe. Inafanya kazi vizuri. Gharama yake ni kwamba i7 yetu ilihitaji usiku kucha kuzitengeneza, na usiku kucha ni muda mrefu kuutegemea umeme. Ukikatika, betri ya Mjerumani ilikuwa na chaji ya kukuaga tu.

Katikati ya hayo mama wa bibi harusi akataka "hata kipande kidogo." Nikamtumia kipande kibichi. D-Log, kabla hujaipaka rangi, hutoka ya kijivu iliyopauka. Ndivyo inavyotakiwa, ili urekebishe mwenyewe baadaye. Simu ikaita papo hapo. "Mwanangu, hii ni harusi au ni msiba?" Kisha akataka vigelegele visikike. Nikamweleza kwamba droni hii hairekodi sauti. Akanyamaza kidogo, akauliza tena, sasa kwa ukali, mbona basi gharama yake kubwa.

Lakini hayo yote yangesahaulika, isipokuwa vile vibonye.

Kwenye kibodi ya Kijerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Kijana anayenisaidia ana fahari moja duniani, kuchapa bila kutazama vidole. Jioni ya kuonyesha video ukumbini nilikuwa Kibaha na watu wa viwanja, nikamwachia aandike kichwa cha mwanzo: "Harusi ya Binti Yetu." Akachapa bila kutazama vidole, na kwa bahati mbaya bila kutazama kioo pia. Kila Y ikatoka Z. Kwenye skrini kubwa, kwa herufi za dhahabu, ukumbi mzima ukasoma: HARUSI ZA BINTI ZETU.

Kisarufi haina kasoro, ndiyo maana hakuna aliyeistukia mapema. Mshereheshaji akaisoma kwa sauti yake ya kupamba, akafika "zetu" na kusita. Shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti ya kusikika meza tatu: "Kwani tumekuja kuoa wangapi?" Mwingine akataka kujua kama hii ni harusi ya kwanza ya bibi harusi au ya ngapi. Baba wa bibi harusi, mtu mzito na mzee wa kanisa, ikabidi asimame na kushika maikrofoni afafanue kwamba amemtoa binti mmoja, na wengine wawili bado wako masomoni. Mzee mmoja wa upande wa pili naye akasimama, akashukuru kwa taarifa hiyo, akasema kama wawili wapo basi mazungumzo yaendelee. Ukumbi ukapasuka. Niliyasikia yote kwa simu, nikiwa porini na mshale wangu mwekundu.

Laptopu ninayotumia sasa niliipata kwa fundi wa mtaani, mtu asiyependa maneno. Nilimwuliza kama naweza kuchomeka kadi yangu. Akasogeza kikombe cha chai kunipisha. ThinkPad T480, mtumba wa mwaka 2018, i5 kizazi cha nane. Nyeusi, haina taa wala kasuku. Ina nafasi mbili za RAM, nikajaza GB 16. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo umeme ukikatika naendelea kukata na kuunga huku mtaa mzima ukiguna. Kioo chake kimefifia kidogo, na kumaliza video ndefu ya 4K bado kunachukua muda wa kupika maharage. Ila bibi harusi aliteremka ngazi zote, akaingia kwenye gari, akaondoka. Nililipa laki saba na nusu, bila winga.

Mjomba alipokuja kuiona aliikagua, akasoma stika, akatikisa kichwa kwa huruma. "I5? Umerudi nyuma, mwanangu." I7 akaichukua yeye. Anaandikia mahesabu ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, na anasema haijawahi kumsumbua. Windows 10 iliyomo iliacha kuhudumiwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Nimemweleza, naye ameniambia Mjerumani hahitaji huduma.

Basi mwenye harusi au viwanja, karibu. Malipo nusu kabla droni haijapaa, video baada ya wiki mbili, vigelegele mtarekodi wenyewe kwa simu. Na kichwa cha video uniandikie kwenye karatasi, uweke sahihi yako.