Kwa Wenye Printa Zote Zilizomo Gumbo

Waheshimiwa Wakurugenzi wa Kampuni za Printa Duniani,

Barua hii inatoka Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, ambako malori yanayotoka mpakani Nimule hupumua kabla ya kuvuka daraja na kuingia Juba mjini, Sudan Kusini. Inaletwa kwenu wala si kwa wakazi walionunua mashine zenyewe, maana imebainika kwamba hao ni watunzaji tu. Wao walitoa pesa. Wenye mali ni ninyi.

Maneno haya hayakuzushwa na wachochezi wa sokoni Sherikat. Januari 2024 aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa HP, Enrique Lores, alieleza kwenye televisheni ya CNBC kwamba kila printa inayouzwa ni uwekezaji wa kampuni, na kwamba mteja asiyechapa vya kutosha, au asiyetumia wino wa kampuni, ni uwekezaji mbaya. Heshima iliyoje! Watu wa Gumbo walikuwa hawajui kwamba huko California kuna mtu aliyewawekea mtaji.

Basi wakurugenzi na wapokee taarifa ya mtaji wao.

Mwalimu wa huku, au mama mwenye kibanda cha steshenari, hununua printa ya tatu kwa moja: inachapa, inatoa kopi, inaskani. Anaihitaji kwa kuwa ofisi zinapenda nakala: nakala ya kitambulisho, nakala ya cheti, na ikibidi nakala ya nakala. Akifungua sanduku anakuta kikaratasi cha picha tupu na amri ya kupakua programu. Programu inataka bando, kisha akaunti, kisha nywila yenye herufi kubwa. Printa nayo inaanza kutafuta Wi-Fi, na nyingi za bei nafuu husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu; hotspoti ya simu ikirusha kwa gigahezi 5, zinaapa kwamba hakuna mtandao Gumbo nzima. Waya wa USB ungemaliza ubishi huo kwa dakika moja. Mara nyingi haumo sandukuni.

Kuhusu umeme, mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa Juba mnamo Novemba 2019, lakini nyumba nyingi bado huishi kwa sola na jenereta. Hapa ndipo hekima yenu inapong'ara. Vitabu vya maelekezo vinasisitiza kwamba printa izimwe kwa kitufe chake, ili kichwa cha kuchapia kirudi pembeni kikafunikwe na kifuniko cha mpira. Ushauri mzuri sana, ila jenereta inayoishiwa petroli haina desturi ya kubonyeza kitufe. Kichwa hubaki wazi katikati ya njia, vumbi likikitembelea, na wino hukauka kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Umeme ukirudi, printa hujisafisha: hufyonza wino mzima na kuumwaga kwenye sifongo iliyofichwa tumboni mwake. Karatasi hata moja haijachapwa, na wino tayari umeshuka. Sifongo yenyewe ina kihesabio. Kikifika mwisho, baadhi ya modeli hugoma kabisa mpaka aitwe fundi. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekatikiwa umeme kila siku hununua wino ili kuijaza sifongo.

Halafu joto. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa hofu ya nyuzijoto 45. Vitabu vya printa nyingi za nyumbani vinakomea nyuzijoto 35 au 40. Haki itendeke: ikiwa wanafunzi walipewa likizo, printa nayo ilistahili. Kasoro ni kwamba wizara ilitangaza; printa haitangazi.

Suala la mipaka linahitaji uangalifu zaidi. Septemba 2016 Sudan Kusini ilikamilisha taratibu za uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zipate kupita kwa wepesi. Mwezi huohuo, tarehe 13, printa nyingi za HP duniani zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine ambazo zilikuwa zikizipokea bila kinyongo. Kampuni ikaita hatua hiyo usalama. Aidha zipo katriji zilizogawiwa kanda za dunia, hata iliyonunuliwa kanda moja ikakataliwa na mashine iliyonunuliwa kanda nyingine. Mzigo unaweza kumalizana na forodha ya Nimule, ukafika Gumbo salama, ukakwama kwenye forodha ya mwisho iliyo juu ya meza ya sebuleni.

Na skana je? Oktoba 2021 Canon ilishtakiwa Marekani na mteja ambaye mashine yake ilikataa kuskani kwa sababu wino umekwisha, ingawa kuskani hakutumii hata tone. Wakati huo chipu zilikuwa zimeadimika duniani. Miezi michache baadaye Canon hiyohiyo ikalazimika kuwaelekeza wateja wake wa Ujerumani namna ya kulipuuza onyo la mashine kuhusu tona isiyotambulika, kwa kuwa tona halisi zilikuwa zikitoka kiwandani bila chipu za kuzitambulisha. Mashine zikaendelea kuchapa. Chipu zilipopatikana tena, zilirudi kazini kana kwamba hakuna kilichogunduliwa.

Wakazi hawakatai kwamba mnaweza kujifunza. Indonesia, mafundi wa vichochoroni walikuwa wakitoboa katriji na kuziunganisha kwa mipira na chupa za wino. Mwaka 2010 Epson ikaanza kuuza hukohuko printa yenye matangi ya kujazwa. Fundi wa Juba mwenye sindano ya kujazia wino, au wa mtaa wa wachapaji wa Nasser Road kule Kampala, angeweza kuwapa ushauri huo kwa gharama ya soda.

Ombi la Gumbo ni dogo. Skana iruhusiwe kuskani. Barua ya wino mweusi isizuiwe kwa kosa la wino wa manjano kwisha. Waya utiwe sandukuni, na sifongo iwe kitu ambacho mwenye nyumba anaweza kukibadilisha mwenyewe kwa bisibisi, bila kuomba kibali.

Majibu yanaweza kutumwa kwa barua pepe. Wakurugenzi wanaombwa wasiweke nembo yao ya rangi juu ya kila ukurasa, kwani majibu hayo yatachapwa kwenye duka la kopi, na pale rangi inalipiwa zaidi.