Tumbo Halina Uzungu

Aka! Juzi kijiweni nilisonya mpaka muuza kahawa akalisimamisha birika hewani, akanitazama. Kilichonisonyesha ni neno la kinyozi wetu. Eti dogo wa bodaboda anaumwa ugonjwa wa Wazungu, kwa hiyo huku uswahilini hautibiki, bora ndugu zake wampeleke kijijini akasomewe. Na watu wazima, wengine na mvi zao, wakatikisa vichwa kukubali.

Dogo huyu tunamjua sote hapa Tandika. Pikipiki yake ilikuwa inalala chini ya mwarobaini, na mtu akitaka kumpeleka mgonjwa usiku wa manane anajua mlango wa kugonga. Mwaka jana akaanza kuharisha. Siku ya tatu ikawa damu. Zahanati wakasema amiba, akapewa metronidazoli, ikatulia wiki moja ikarudi. Wakasema taifodi, akachomwa sindano. Duka la dawa likamuuzia antibayotiki bila swali hata moja. Mahali pengine akaambiwa bawasiri. Mama yake mdogo akasema chango, akamchemshia mizizi. Miezi kumi na moja, jamani! Mtoto wa watu anaamka mara sita usiku, anapungua mpaka shati linamwelea, na kila anakokwenda anaandikiwa dawa ileile aliyoimaliza mwezi uliopita. Dereva wa bodaboda atabebaje abiria kwenda Mbagala wakati kila robo saa anatafuta choo?

Mpaka daktari mmoja hospitali ya rufaa akasema huyu aingizwe kamera. Ikapitishwa njia ya haja kubwa, ikaonyesha utumbo mpana umevimba, mwekundu, unachubuka ukiguswa. Vinyama vidogo vikachukuliwa, vikaenda maabara, jibu likarudi: kolaitisi ya vidonda.

Mwalimu mstaafu, ambaye haongei mpaka kikombe cha pili, akatueleza vizuri. Maradhi haya ya kuvimba utumbo ni ndugu wawili. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana, huanzia chini na kupanda juu, na hula ngozi ya ndani tu. Nduguye anaitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeuandika na wenzake wawili mwaka 1932. Huyo anaweza kushika popote toka mdomoni hadi mwisho wa njia, hasa pale utumbo mdogo unapokutana na mpana, na huchimba ukuta wote wa utumbo mpaka wakati mwingine unatoboka. Kwa wote wawili chanzo ni kinga ya mwili iliyopotea njia. Fikirini mgambo walioitwa sokoni kumkamata mwizi, mwizi akaondoka zamani, wao bado wanapiga virungu meza za mama ntilie. Ndivyo utumbo unavyopigwa.

"Sawa, mwalimu," kinyozi akasema, "lakini si bado ni wa Wazungu?"

Hapo ndipo nilipoomba nafasi, maana jambo hili linanikera. Ni kweli kwao umejaa. Norway, kolaitisi ya vidonda imefikia watu 505 katika kila 100,000. Chukueni Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, watu 60,000 wamekaa: kwa kiwango hicho watu 300 hivi pale jukwaani wanayo. Ujerumani, Crohn peke yake imefikia 322 katika 100,000. Duniani kote, hesabu ya mwaka 1990 ilikuwa wagonjwa milioni 3.7, na kufika 2017 walikuwa milioni 6.8. Katika miaka 27 tu. Mbegu ya binadamu haibadiliki kwa miaka 27. Mkiona ugonjwa unakimbia hivyo, tazameni sahani, tazameni kabati la dawa, tazameni hewa, achaneni na rangi ya mtu.

Tena Wazungu wenyewe hawako peke yao. Abe Shinzo, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, aliachia madaraka mwaka 2007, na tena 2020, na mara ya pili alitaja wazi kwamba kolaitisi yake imerudi. Japani ya babu zake ugonjwa huu ulikuwa nadra. Hong Kong, wagonjwa wapya wa kila mwaka waliongezeka kama mara thelathini kati ya 1985 na 2014. Brazil nako unapanda.

Ila hadithi iliyonishika mimi ni ya majirani zetu hapa hapa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, wengi waliangukia mji wa Leicester, Uingereza. Watu wa maduka ya Kampala na Jinja, wengine wanazungumza Kiswahili kama sisi. Wengine kutoka Kenya walikuwa wamekwisha kutangulia. Miaka ya mwanzo ya 1990 madaktari wa Leicester wakahesabu kolaitisi mjini kwao, wakakuta watu wenye asili ya Kihindi wanaipata karibu mara mbili ya wenyeji Wazungu. Damu ileile iliyotoka Gujarat, ikapita Afrika Mashariki. Kilichobadilika ni mahali na maisha. Na Ontario, Kanada, walipofuatilia wahamiaji waliona kuwa anayefika akiwa mdogo ana hatari kubwa kuliko anayefika mtu mzima, na mtoto anayezaliwa kule na wazazi waliotoka kusini mwa Sahara anakuwa karibu sawa na mtoto wa mwenyeji. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiwa na Crohn, mara nyingi mwenzake hana. Kwa hiyo ukoo una sehemu yake, lakini hauwezi kubeba lawama yote.

Babu wa kashata akakumbuka kitu. Akasema zamani Mulago, Kampala, kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland akiuliza watu habari za choo chao. Ni kweli, ni Denis Burkitt, yule ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya ya watoto. Alifanya kazi Uganda miaka ya 1940 mpaka 1960, akashangaa kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaza hospitali za kwao hapa hayaoni. Akafika hatua ya kupima uzito wa kinyesi na muda ambao chakula hutumia kupita tumboni. Akasema siri iko kwenye nyuzinyuzi: watu wanakula nafaka nzima, maharage, majani, ndizi. Hakuwa na majibu yote, na bila kamera wagonjwa wengine walizikwa kwa jina la kuhara tu. Lakini swali lake lilikuwa zuri, na linatuhusu zaidi leo kuliko siku zake.

Kwa sababu leo dona imekuwa chakula cha kulazimishwa shuleni, na nyumbani ni sembe nyeupe. Asubuhi mtoto anabebeshwa biskuti na juisi ya unga wa rangi. Mchana soseji na chipsi, jioni tambi za pakiti, na soda kubwa kwa kila mgeni kama ndiyo heshima yenyewe. Mwalimu akatuambia kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata watu wazima zaidi ya 116,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo. Walifuatwa karibu miaka kumi, na 467 wakapata maradhi haya. Waliokula vyakula vya viwandani mara tano au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya asilimia 82 zaidi ya wale wasiofikisha mara moja. Nyama ya kawaida, maziwa, viazi, matunda havikuonyesha shida hiyo. Dada wa chipsi akashusha pumzi, "Kumbe kiazi si adui." Hapana, dada, kiazi hakijashtakiwa. Kinachotiliwa shaka ni yale makorokoro yanayotiwa kiwandani ili chakula kikae mwaka mzima dukani bila kuharibika. Kwa panya wa maabara, baadhi ya vikolezo vinavyochanganya mafuta na maji vimeonekana kula ule ute unaokinga ukuta wa utumbo.

Na dawa! Hapa nasonya mara mbili. Mtoto akikohoa, antibayotiki. Akiharisha maji, antibayotiki. Tunazinunua nusu dozi kama karanga. Tumboni mna bakteria wema wengi kupita kiasi, ndio wanaoifundisha kinga ya mtoto nani rafiki na nani adui. Ukiwapiga mabomu mara kwa mara angali mchanga, darasa linavurugika. Watoto waliopewa antibayotiki nyingi wameonekana kuwa na hatari zaidi, hasa ya Crohn. Maziwa ya mama, kwa upande mwingine, hukinga.

Kijana mmoja akarukia sigara. Amesikia mahali kuwa sigara inazuia kolaitisi. Nikamwambia, kaka, umesikia nusu. Wavutaji kweli hupata kolaitisi ya vidonda kwa uchache, na wengine huipata baada ya kuacha. Lakini mvutaji ana hatari kama mara mbili ya kupata Crohn, na akishaipata inamtesa zaidi, visu vya upasuaji havimwachi. Mapafu yako ni yaleyale na moyo ni uleule. Hakuna daktari atakayekuandikia pakiti ya sigara.

Swali la minyoo likaja lenyewe. Wapo wataalamu waliodhani kwamba kinga iliyokua bila minyoo na bila udongo hukosa kazi na kugeuka kupiga nyumbani. Si wazo la kipuuzi, na kwa upande wa udongo na mifugo lina ushahidi kidogo. Wakafika mbali, wakawanywesha wagonjwa wa Crohn mayai ya minyoo ya nguruwe. Kijiwe kizima: astaghfirullah! Majaribio makubwa yalipofanywa, mayai hayakushinda dawa bandia. Kwa hiyo vidonge vya minyoo shuleni viendelee, na maji ya kunawa yaendelee.

Mnaona kwa nini neno la kinyozi liliniuma? Tukisema "wa Wazungu" tunamfungia mgonjwa mlango. Daktari hauwazii, muuza dawa hauulizii, ndugu wanakimbilia uchawi. Mtu akihara damu zaidi ya wiki chache, akapungua, akaamka usiku kwa ajili ya choo, na dawa ya amiba imekwisha kunywewa ikashindwa, aache kurudishiwa pakiti ileile. Aombe kamera, na aombe vinyama vichunguzwe, maana huku kwetu TB ya utumbo hufanana sana na Crohn, na ukimpa mgonjwa wa TB dawa za kushusha kinga umemmaliza.

Dogo yuko kwenye dawa sasa. Haziponyi moja kwa moja, zinatuliza, na akiacha ugonjwa unaamka tena. Vidonge ni vya kila siku na si vya bei ya bodaboda, kwa hiyo tumepitisha daftari. Kinyozi aliandika jina lake, likawa la tatu kwenye orodha, bila kuambiwa.

Jana jioni dogo alikuja, kwa miguu. Akasimama kwanza pembeni, hakukaa, akawa anaangalia huku na huku. Mwenye duka la nafaka alielewa kabla yetu. Akatoa ufunguo wa choo chake mfukoni, akamtupia dogo, akamwambia akae nao. Tukahamisha mabenchi yetu, tukayaweka mbele ya duka lile.