Madhila ya Watu wa Karatasi

Hapana hakimu duniani, wa mjini wala wa shamba, aliyepewa mamlaka makubwa kuliko mtu yule aketiye nyuma ya kiwambo cha kadibodi katika michezo ya kuigiza ya mezani. Maana kadhi hukata shauri kwa kitabu na mashahidi, na sultani huwaogopa wazee wa baraza, bali huyu, ambaye sisi wachezaji humwita Msimamizi, ndiye aliyeziumba mbingu na ardhi za mchezo, ndiye anenaye kwa vinywa vya wafalme na vya wanyang'anyi, ndiye upepo, ndiye mvua, ndiye joka na ndiye mama wa joka, na hukumu yake ikishapita haina rufani. Mchezaji kwa upande wake hana kitu ila karatasi moja iliyoandikwa sifa za mtu wa kubuni, penseli iliyotafunwa ncha, na dadu za pande 4, 6, 8, 12 na 20. Na kwa silaha hizo hutakiwa ashuke mapangoni, apigane na mizuka, na arudi na mali.

Mimi naishi St. Paul, katika jimbo la Minnesota, mji ambao baridi yake huwafungia watu ndani tangu Novemba hata Aprili, wakawa hawana pa kuupeleka ujabari wao isipokuwa katika chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia joto na mashine ya kufulia nguo. Wala si ajabu kwamba mchezo huu una nasaba yake papa hapa, kwani Dave Arneson alikuwa akiwaongoza rafiki zake katika nchi yake ya kubuni iitwayo Blackmoor ndani ya chumba kama hicho, nyumbani kwa wazazi wake, kabla hajashirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, kuutoa mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao nakala zake za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Mtu anaweza kusema kuwa majoka yale yalizaliwa na theluji. Laiti pangekuwa na joto kidogo, vijana wale wangalikwenda kuvua samaki, na wengi wetu tungalisalimika.

Msimamizi wetu, mchana, ni mtu wa maktaba, na upole wake unajulikana mtaa mzima: mtoto akirudisha kitabu kimechelewa, tena kimelowa maziwa, yeye humwambia si neno, bibi kizee akisahau miwani, humfuata nayo hata kituo cha basi. Mtu huyu huyu, siku ya Ijumaa baada ya chakula cha jioni, akisha kusimamisha kiwambo chake na kuziviringisha dadu kiganjani, hugeuka akawa mwingine, sauti hushuka, jicho moja hufumba kidogo, na swali lake alipendalo kuliko yote ni hili: “Mna hakika?” Nanyi msomao, mkipata kuulizwa swali hilo na mtu aliye nyuma ya kiwambo, jueni ya kuwa maiti mmojawapo yumo chumbani.

Mhusika wangu wa kwanza alikuwa mtu wa sihiri, Maalim Zumbukuku, mzee wa hekima nyingi, ndevu hata kitovuni, na fundi wa uganga mmoja wa kulaza watu usingizi. Kwa kanuni za zamani, ambazo Msimamizi wetu huzishika kwa uchaji, maana zile za mwaka 2014, zinazompa aliyeanguka nafasi ya kutupa dadu mara kadhaa kabla ya kukata roho, yeye huziona ni kulea watu, mtu wa sihiri huanza na uhai wa dadu moja ya pande nne. Nikaitupa, ikaonyesha 1. Mwenye nukta 1 ya uhai si mtu, ni fununu ya mtu. Basi Maalim akaingia katika nyumba ya muuza mishumaa kuulizia njia, akamkanyaga paka mkia, paka akamparura, na dadu ikaamua kwamba amemparura sawasawa. Tukamzika alasiri ile ile. Mwalimu wa hesabu aketiye kuumeni kwangu akauliza kama paka yule hastahili kuandikiwa ushindi kwa kumwua mlozi. Msimamizi akafikiri, akaandika kitu asichotuonyesha, na tangu siku hiyo katika mji ule yumo paka ambaye hata askari wa zamu humpisha njiani.

Walakini si kifo ninacholalamikia, na hapa ndipo ninapohitilafiana na wenzangu, ambao wakikutana huhesabiana marehemu wao kwa uchungu, kana kwamba kufa ndiyo dhulma kubwa impatayo mtu wa karatasi. Gygax mwenyewe alitunga kaburi la mitego, Tomb of Horrors, lililochezwa hadharani katika mkutano wa Origins mwaka 1975 na kutolewa kitabu mwaka 1978, makusudi kuwapima wale waliojigamba kuwa wahusika wao hawashindiki. Na karibu na mwanzo wa kaburi hilo ipo sanamu ya uso wa shetani, rangi ya kijani, imeachama kinywa kilichojaa giza, na kila ajitiaye humo hutoweka yeye na nguo zake na silaha zake, asipatikane hata unywele wa kuzikwa. Nimewasikia watu wakimlaani mtungaji kwa kinywa hicho. Mimi naona ni insafu tupu: shetani ameachama, nawe unamwingia kinywani kwa miguu yako mwenyewe, sasa umlaumu nani? Katika mchezo wa Traveller, uliotolewa mwaka 1977, mhusika aliweza kufa wakati wa kuandikwa, katikati ya habari za ujana wake jeshini, hata kabla hajapata kuketi mezani. Na watungaji wa Paranoia, mwaka 1984, kwa kuona taabu ya kuandika karatasi mpya kila saa, walimpa kila mchezaji miili 6 iliyofanana, ili akifa wa kwanza aletwe wa pili wala mazungumzo yasikatike. Kifo kina heshima yake. Ukifa, wenzako huacha biskuti zao, hukutazama kwa huruma, na mwaka wa pili bado wanaisimulia habari yako, tena wameitia chumvi.

Dhulma niliyoikusudia ni ile ndogo ndogo, ile isiyoua. Asili yake, nadhani, ni ushindani wa kale baina ya ujanja wa wachezaji na ghadhabu ya wasimamizi, ambao historia yake mtu akiifuata hawezi kujizuia kucheka. Wachezaji walijifunza kutega sikio mlangoni kabla ya kufungua, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu lakini mapangoni ni busara. Kitabu cha Monster Manual cha mwaka 1977 kikawajibu kwa mdudu akaaye ndani ya mbao, ambaye kazi yake yote aliyoumbiwa ni kuingia katika sikio la msikilizaji, kutaga, na kuwaachia watoto wake njia ya kwenda ubongoni. Wakavaa deraya za chuma. Akatokea mnyama ambaye akikigusa chuma hugeuka kutu, naye kutu ndiyo chakula chake. Wakabeba fimbo ya futi 10 wapapase sakafu kwa mbali. Wasimamizi wakachimba shimo ambalo ukibonyeza jiwe lililo mbele, hufunguka futi 10 nyuma, pale pale alipo mwenye fimbo. Msimamizi hawezi kukubali kuwa mtu amepita katika nyumba aliyoijenga kwa mwezi mzima bila kukiona hata chumba kimoja cha mateso, na kwa kweli, nikijitia mahali pake, naielewa huzuni hiyo.

Lakini mdudu wa mlangoni ni mchezo wa watoto mbele ya mwongozo wa wasimamizi uliotoka mwaka 1979. Kitabu hiki, ambacho mtu angedhani kimejaa majoka, kina mahali panapofundisha namna ya kuwatoza wahusika ushuru, ada, kodi, zaka na malipo ya kupita njia, ili mali isiwakae mkononi. Na pengine palipo na majedwali ya maradhi na vijidudu, kwamba shujaa aliyeponea mikuki apimwe kama hakupata homa, au upele, au minyoo. Msimamizi wetu, mtu wa maktaba, anakijua kitabu hiki kwa moyo. Kumwua shujaa kwa joka kila mtu anaweza. Kumtia minyoo kunataka mtu msomi.

Mke wangu, aliponiona nasononeka kila Ijumaa usiku, alinishauri nimlainishe. Nikampelekea kashata za nazi, akazisifu, akauliza habari za iliki, akala kwa utulivu huku kidole chake kikishuka taratibu katika jedwali, kisha akafuta vidole kwa leso akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemwulizia mgonjwa, kama Fumo alikunywa maji ya kile kisima cha pangoni.

Fumo Mabavu ndiye mhusika wangu wa sasa, askari, kifua kipana, akili ya wastani. Yeye na wenzake waliwashinda mizuka wa mifupa katika pango moja, wakafika kwenye kasha, na katika kasha hilo, baada ya mtego wa sindano na mtego wa moshi, walikuta sarafu 8,000. Tulishangilia hata mwenye nyumba akagonga sakafu juu ya vichwa vyetu. Ndipo Msimamizi akasema, bila kuinua macho, kwamba ni za shaba. Sasa, katika kanuni zile za zamani sarafu 10 huhesabiwa ratili moja, na sarafu 200 za shaba hufanya dhahabu 1. Mwalimu wa hesabu hakuhitaji karatasi. Hazina yetu ilikuwa na uzito wa ratili 800 na thamani ya dhahabu 40. Baghala wetu Johari, tuliyemnunua kwa kazi hiyo hasa, alikuwa ameliwa usiku uliotangulia na kitu ambacho Msimamizi alikataa kukitaja. Mwenge mmoja huwaka saa moja tu ya mchezo, nayo mienge ilikuwa michache, kwa hiyo tulilibeba rundo lile la shaba kwa mafungu, nusu ya njia gizani, tukihesabiwa hatua na kupunguziwa nguvu, na Fumo, kwa sababu ya yale maji ya kisima, akiomba ruhusa ya kwenda kichakani kila tulipopumzika.

Tukafika lango la mji. Mlinzi wa lango, ambaye alikuwa na sauti ya puani na makamasi, maana Msimamizi wetu ana kipaji cha sauti na hilo lazima nimpe haki yake, akatutoza ushuru wa kuingiza fedha, na ada ya silaha, na malipo ya kupita daraja ambalo sisi hatukulipita. Tukalipa. Kisha akafungua daftari lake akasema, “Mlitoka na baghala mmoja. Yuko wapi?” Nikamwambia kwamba ameliwa. Akaniuliza, “Una hati ya kuliwa kwake?” Nikamwambia kuwa aliyemla hakuacha hati. Akasema basi mnyama huyo ameuzwa nje ya mji kwa magendo, na faini yake ni dhahabu 50. Mimi ni mtu wa makamo, nina watoto, na katika maisha yangu ya mchana nimezoea kupanga foleni nikajaza fomu bila kupandisha sauti. Lakini siku ile, nakiri bila kujuta, nilisimama nikatangaza kwamba Fumo Mabavu anampiga mlinzi ngumi ya uso.

Msimamizi akafumba jicho. “Una hakika?”

Dadu ya pande 20 ikaviringika, ikagonga sahani ya kashata, ikasimama kwenye 1.

Nisingependa kueleza sana yaliyofuata. Inatosha kusema kuwa Fumo alijikwaa, akaangukia mfereji wa maji machafu, na kofia yake ikachukuliwa na mkondo, nayo ilikuwa kofia nzuri. Wenzangu, ambao kwa kiapo cha karatasi ni ndugu zangu wa damu, walicheka hata mmoja wao, muuguzi mwenye adabu, akalazimika kutoka nje kwenye theluji apate pumzi. Na mimi nikatambua, huku nikipangusa machozi yangu, maana nilikuwa nikicheka vile vile, kwa nini tulimkimbia yule Msimamizi mwingine tuliyecheza naye hapo nyuma, mtu mwema aliyekuwa akitutandikia godoro chini ya kila shimo, hata ikafika siku tukaanza kujitupa mashimoni kwa hiari yetu ili tulale.

Basi Fumo yumo kifungoni, na shauri lake litasikilizwa Ijumaa ijayo. Kesi ya ngedere, hakimu nyani, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuona shauri ambalo nyani ni hakimu, na ni mshitaki, na ni mlinzi wa lango aliyepigwa ngumi isiyompata, na ni mlinzi wa jela, na ni mbwa wa mlinzi wa jela, ambaye amekwisha kunibwekea. Nimeandika utetezi wangu kurasa mbili. Nimeuliza pia kama mji ule una wakili, na Msimamizi, akiumega mkate wake kwa utaratibu, akanijibu kwamba yupo mmoja, mzee mwenye kigugumizi, mtu mwadilifu sana, ila hutaka alipwe kwanza, tena shaba hapokei.