Sifa za Kumsaka Daktari wa Ngozi

Husemwa kwamba mkazi wa Kayole au Dandora, Nairobi, mwenye upele na kadi ya bima hana pa kwenda. Si kweli, anapo pengi mno. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mwenye mshahara alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na hata mwenye kipato kidogo hatakiwi kulipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Malipo hayo humfungulia ziara nzima: zahanati ya mtaa, alama za vidole, barua ya rufaa, foleni ya hospitali ya Mama Lucy. Mwenye bima ya kampuni hupewa orodha ya madaktari, na vibao vyao vimesongamana Upper Hill, Hurlingham na Parklands, yaani matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Akifika, mhudumu wa mapokezi huigeuza kadi mara mbili, hupiga simu kuomba idhini, kisha huuliza iwapo chunusi hizo ni ugonjwa au ni mambo ya urembo, maana urembo haulipiwi.

Nadai kwamba msako huu wenyewe ni tiba. Kuna upele unaoanza kwa baka moja kubwa kifuani au mgongoni, ukatapakaa, kisha ukaisha wenyewe baada ya wiki 6 hadi 8. Idhini ikichelewa vya kutosha, mgonjwa hupona kabla ya kuonwa, na bima haitoi hata ndururu. Mtasema choa hakina subira hiyo. Naam, ndiyo maana mwenye choa huishia duka la dawa, akauziwa krimu yenye steroidi. Mwasho hutulia, wekundu hufifia, naye hushukuru. Chini kwa chini choa kinaenea na kupoteza umbo lake la duara, hata bingwa akikiona asikitambue upesi. Angalau bingwa amepata kazi inayolingana na ada yake.

Pingamizi la hatari ni jingine. Maradhi ya ngozi yanayosumbua watu wengi ni machache, na si lazima daktari bingwa kuyatibu: tangu 1992, kituo cha mafunzo pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza kazi hiyo maafisa wa tiba kutoka nchi kadhaa za Afrika. Hebu fikirieni mmoja wao akiketi katika kila kituo cha afya kuanzia Makadara hadi Njiru. Upele wa familia nzima ungetibiwa asubuhi moja, matatu zingekosa abiria, na foleni za Upper Hill zingebaki na wagonjwa wanaomhitaji bingwa kweli.