Kesi ya Kipupwe: Mwongozo wa Kuku na Mboga kwa Wakaaji wa Alunguli

Kila mwaka, mvua zikikatika mwezi wa Juni na ukungu ukaanza kulala juu ya mto Lualaba hadi jua lipande, Alunguli nzima hugeuka mahakama. Mshtakiwa ni yule yule: baridi. Jogoo kakutwa chali chini ya mwembe, ni baridi. Mtetea kapinda shingo, ni baridi. Vifaranga wamekwisha kwa siku mbili, ni baridi tena, na hukumu inatolewa hapo hapo mlangoni hata chai haijachemka. Mwongozo huu unaanza kwa kumwachia huru mshtakiwa, kisha utakueleza namna ya kula mayai na lengalenga mpaka mvua za Septemba.

Kindu, mji wetu, iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari. Kipupwe chetu ni cha kuvaa sweta asubuhi na kuivua saa nne. Kuku naye ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, zaidi ya letu, na juu yake kavaa manyoya asiyoyavua usiku wala mchana. Wenzake wa Kanada na Poland wanapitisha majira ya theluji na bado wanataga. Basi kuku mzima, aliyelala pakavu, baridi ya Alunguli haimuui. Anayeharisha kijani, anayehema mdomo wazi, anayelegeza mabawa kisha akapinda shingo kama anayetafuta kitu mgongoni mwake, huyo ana mdondo, ambao wengine wanauita kideri na madaktari wa mifugo wanauita Newcastle. Ni virusi. Ukimwekea moto havikimbii, na ukimfunika kitenge havijali.

Ila kipupwe kina ushahidi wa kutoa. Ndiyo majira ambayo kuku wanasafiri kuliko wakati mwingine wowote. Kuna sikukuu ya uhuru tarehe 30 Juni. Kuna proklamasio za shule mapema Julai, na mtoto aliyepasi hawezi kula sombe siku hiyo. Kuna harusi, kuna matanga, kuna ada za Septemba zinazomfanya mzazi auze mitetea. Kuku wanafungwa miguu, wananing'inizwa kwenye baiskeli, wanapangwa sakafuni mwa mtumbwi kuvuka kutoka Kasuku au Mikelenge, wanateremka upande wetu wakiwa wamepumuliana njia nzima. Mmoja akiwa mgonjwa, ameshawagawia wote kabla mtumbwi haujagusa ukingo. Tena yuko muuzaji anayeona kuku ameanza kusinzia na anakimbia naye sokoni kabla hajafa. Hiyo si biashara. Ni kupeleka msiba katika parsele ya mwenzako na kumtoza faranga juu yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kipupwe hufanywa kabla ya kipupwe: chanjo. Ile inayowafaa kuku wetu wa kienyeji inaitwa I-2. Ilitokea Australia, ikaandaliwa kwa ajili ya kuku wa vijijini kwa sababu inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, na Tanzania imekuwa ikijitengenezea ya kwake. Kustahimili joto si ruhusa ya kuisahau juani juu ya meza ya muuza dawa. Iweke penye ubaridi, ifunge katika kitambaa kilicholowa, isafirishe alfajiri. Tone moja katika jicho moja, basi. Mshike kuku ubavuni mwako, mgeuze kichwa jicho litazame juu, dondosha, subiri apepese. Asipopepesa, tone halijaingia. Vifaranga na wakubwa wanapata kipimo kile kile. Rudia kila miezi mitatu au minne. Mpe kuku mzima tu, kwa maana aliyekwisha kuugua chanjo haitamwokoa, na mikono yako iliyomshika ndiyo itakayompelekea jirani yake ugonjwa.

Kuku aliyenunuliwa sokoni ni mgeni, na mgeni haingizwi chumbani siku ya kwanza. Mfunge mguu kwa kamba mbali na wenyeji, mpe sahani yake ya maji, mtazame majuma mawili. Wanaocheka kwamba mnamfunga kuku kama mfungwa, waache wacheke. Kuku wenu watakuwepo Agosti. Na anapokufa mmoja kwa dalili zile nilizozitaja, mchome au mfukie katika shimo refu. Kumtupa Lualaba si kumzika, maana huko mto unakoteremkia kuna watu wanaochota maji.

Sasa nyumba ya kuku. Watu wengi, baridi ikianza, huziba kila tundu kwa matope na magunia, na hapo ndipo wanapomdhuru kuku kwa mapenzi. Kinyesi cha usiku kina harufu kali inayochoma macho na mapafu. Nyumba iliyozibwa hulowa kwa pumzi, na unyevu ndio unaoyafungulia mafua mlango. Ziba chini, pale upepo unapopiga kuku aliyelala, na uache wazi juu chini ya paa. Weka kichanja cha kulalia, mti wa unene wa kifundo cha mkono, ili kuku aketi miguu yake ikiwa ndani ya manyoya. Sakafuni mwaga maganda ya mpunga. Sisi wa Maniema hatuna udhuru hapa: mpunga umelimwa huku tangu enzi za Waungwana wa Kasongo katika karne ya 19, na mashine za kukoboa zinarundika maganda mpaka mwenye mashine anatafuta wa kuyaondoa. Chukua gunia. Yakilowa, toa, weka mengine.

Majivu ya jikoni nayo usiyamwage. Weka kwenye karai kuukuu pamoja na mchanga mkavu, kuku wataoga humo wenyewe na chawa na utitiri watapungua. Yazungushie pia miguu ya nyumba ya kuku, tandaza upana wa kiganja na uongeze kila yanapolowa, kwa sababu siafu wakiingia usiku katika kibanda kilichofungwa, kuku hana pa kukimbilia. Aliyewahi kuisikia kelele ile usiku hasubiri kuambiwa mara mbili.

Vifaranga ndio pekee wenye haki ya kulalamika juu ya baridi. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Julai hauwapi. Mama yao anawapa, mradi usimzidishie. Mtetea wa kienyeji hufunika vizuri kumi au kumi na wawili, lakini kwa tamaa yetu tunamlaza juu ya mayai ishirini, na baada ya siku 21 walioko pembeni wanaganda. Kama vifaranga hawana mama, chemsha maji, jaza bidoni, ifunge ndani ya gunia na uiweke katikati ya kikapu chao. Kisha tazama wamelalaje. Wakirundikana juu yake na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni mdomo wazi, umewachemsha. Wakitawanyika na kunyamaza, nenda ukalale. Mbabula ya makala usiiingize katika chumba kilichofungwa, kiwe cha vifaranga au cha watoto wako. Hewa yake inaua bila harufu.

Chakula kinapungua kipupwe, kwa sababu udongo umekauka na wadudu wameshuka chini. Pumba za mchele zipo, machicha ya mawese yapo, maganda ya muhogo yapo, ila hayo ya muhogo mchungu yaanike mpaka yavunjike kwa mkono, yana sumu yakiwa mabichi. Kinachokosekana ni nyama ya kuwapa vifaranga, na nyama hiyo iko katika kichuguu. Twaa chungu kilichopasuka mdomo, kijaze magunzi na mabua makavu, nyunyiza maji kidogo. Jioni toboa kichuguu, kifudikize chungu juu ya tundu, funika kwa gunia lililolowa. Alfajiri, kabla jua halijawaonya mchwa warudi chini, kinyanyue kwa haraka na ukikung'ute mbele ya vifaranga. Utaona vifaranga wa siku chache wakigombana kama wabunge wa Kinshasa, na baada ya muda utaona tofauti katika mbawa zao.

Tumefika bustanini, na bustani ndiyo inayovunja ujirani Alunguli kuliko siasa. Asubuhi moja mtu anamwaga mbegu za lengalenga, mchana mtetea wa jirani anakuja na watoto wake kumi, anachakura tuta zima kwa nusu saa.

“Mama, kuku yako imemaliza mboga yangu.”

“Papa, kuku haijue mupaka. Piga uzio.”

Mama yule amesema kweli. Kuku anachakura kwa sababu ameumbwa achakure, na udongo uliolainishwa na kumwagiwa maji, wakati kila mahali pengine pamekauka, ni karamu aliyoandaliwa. Kinachofungiwa ni bustani. Piga uzio wa matete au mianzi iliyosukwa, urefu wa kifua cha mtu mzima, na chini uusukume ndani ya udongo ili vifaranga wasipenye. Kuku anayeruka uzio mkate manyoya marefu ya bawa moja tu. Ukikata yote mawili anaruka bado, chini kidogo. Ukikata moja anapinda hewani na kuangukia upande, na baada ya majaribio mawili anaacha. Vitalu vya miche vifunike kwa chandarua kilichokwisha chanika. Chandarua kizima ni cha mtoto, na mbu wa Lualaba hawaendi likizo. Mbu hao hao ndio wanaosambaza ndui ya kuku, ile inayoota vidonda kwenye upanga na kuzunguka macho, basi mwaga maji yote yaliyotuama katika makopo na matairi.

Wakati wa mvua tunapandisha matuta ili maji yatoke. Kipupwe fanya kinyume: chimba tuta lishuke kidogo kuliko njia, ili kila ndoo unayopandisha kutoka mtoni ibaki kwenye mizizi. Mwagia alfajiri au jioni, tandaza nyasi au mabua ya mpunga juu ya udongo. Walio karibu na ukingo wana bahati zaidi. Mto unaposhuka unaacha udongo mweusi wenye unyevu, na humo matembele yanashika kwa vipande vya mashina tu, bila mbolea. Panda unavyoendelea kushuka, vuna kabla haujarudi. Lengalenga inavunwa wiki tatu au nne baada ya kuota. Matembele, ukikata ncha, yanachipua tena na tena. Sombe inaendelea polepole, basi usiichume yote hadi kijiti. Tomati zinapenda kipupwe kwa sababu mvua haziozeshi majani.

Mbolea unayo, iko chini ya kichanja. Lakini mavi mabichi ya kuku yanaunguza mche kama chumvi. Yarundike pamoja na yale maganda ya mpunga na majani makavu, lowesha, funika kwa majani ya mgomba, geuza kila wiki kwa muda wa miezi miwili. Ingiza mkono ndani: kama bado kuna moto au harufu inayochoma pua, subiri. Majivu usiyachanganye humo, yanaifukuza hewani ile nguvu unayoitafuta. Mboga zilizozeeka na magugu unayong'oa zirudishe kwa kuku, viini vya mayai vitakuwa vya manjano iliyokolea.

Nasema haya yote kwa moto kwa sababu nimeona bei. Kwa miaka mingi Kindu imetegemea ndege kutoka Goma kuliko inavyopenda kukiri. Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wake ulifungwa, na Februari Bukavu ikafuata. Sokoni kila mtu alielewa maana yake. Yai lililotagwa nyuma ya jiko lako halihitaji rubani, na lengalenga haisubiri mtumbwi.

Limebaki jambo moja ambalo huwezi kulifanya peke yako. Chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi, mia na zaidi, na ikishafunguliwa haikai. Wewe una kuku wanane. Ukinunua peke yako umetupa pesa, na ukiacha, wote wanane wako hatarini, kwa sababu kuku wa jirani asiyechanjwa anatembea katika parsele yako kila siku. Kinga inahitaji kama wiki mbili kujengeka mwilini, na kipupwe kinaanza Juni. Basi mapema Mei pita nyumba kwa nyumba katika avenyu yenu, hesabuni kuku wote, changeni faranga, mwiteni daktari wa mifugo avuke mara moja, na usiku kabla ya siku hiyo kila mtu awafungie kuku wake ndani ili asubuhi wasikimbizwe. Anza na yule mama mliyegombana juu ya lengalenga.