Sifa za Bwana Normal

Washairi wamesifu wafalme, ngamia na majahazi, Normal.dotm hajaimbiwa hata ubeti mmoja. Ndiye kiolezo ambacho Microsoft Word hukitumia kila unapoomba ukurasa mtupu. Mtupu! Hujagusa kitufe, naye ameshakuchagulia fonti, ukubwa wa herufi, pambizo na nafasi kati ya mistari. Wewe umebakiziwa kibarua cha kuweka maneno.

Anajua kutuvisha sare. Miaka nenda rudi tulivaa Times New Roman. Toleo la 2007 likaja na Calibri, na barua ya kuomba kazi ikafanana na tangazo la msiba. Sasa ni zamu ya Aptos. Hatukuulizwa, wala hatukugoma.

Ni shahidi mwadilifu pia. Mwaka 2017, nchini Pakistan, wachunguzi wa mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif walikuta nyaraka zenye tarehe ya Februari 2006 zimeandikwa kwa Calibri, fonti ambayo haikuwa imeingia sokoni hadi 2007.

Na ukarimu wake je? Kirusi cha Melissa kilipobisha hodi mwaka 1999, kilipewa malazi ndani ya Normal.dot, babu yake huyu, kisha kikasindikizwa hadi kwenye nyaraka nyingine zilizofunguliwa kwenye Word.

Lakini fadhila yake kuu ni malezi. Kwenye kompyuta iliyopangwa Kimarekani, andika “YAH: MAOMBI YA LIKIZO” na “Husika na somo tajwa hapo juu”, uone aya nzima ya Kiswahili fasaha inavyotandikwa mistari myekundu, kama daftari la mtoto aliyefeli. Ipeleke steshenari. Kijana ameweka karatasi za A4, printa inawasha taa ikidai Letter ya Kimarekani, pana kidogo na fupi kidogo, karatasi ambayo duka zima halina. Foleni inaguna. Kijana anabonyeza OK kwa hasira, mstari wa mwisho wenye saini unatokea ukurasa wa pili, nawe unalipia kurasa mbili. Nani mwingine angewatafutia wenye steshenari riziki namna hiyo?

Wakorofi humfungua mwenyewe, wakaweka A4 na Kiswahili, wakahifadhi. Naye hutii bila kinyongo. Wenye hasira zaidi humfuta kabisa. Word ikifunguliwa tena, humtengeneza upya.